Jibu la Swali Lililopita

Ilipofika saa mbili na nusu asubuhi benchi la kituo cha upimaji lilikuwa limejaa, na waliochelewa walikaa sakafuni, migongo ukutani, watoto mapajani. Upimaji ulifanyika mara moja kwa muhula. Mtoto aliyefaulu alipewa nafasi katika kitengo maalumu cha shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Aliyeshindwa aliandikiwa "malezi ya nyumbani", maneno yaliyomaanisha kwamba hakuna aliyemtarajia mahali popote. Nafasi za muhula huu zilikuwa sita.

Sado alikuwa na namba kumi na moja. Binti yake Ugbad, mwenye umri wa miaka tisa, alikaa kwenye kiti cha plastiki walichokibeba kutoka nyumbani, kiuno chake kimefungwa kwa shali ili asianguke mbele. Mikono ya Ugbad haikutulia. Tangu aamke hadi alale ilisuguana kifuani kama ya mtu anayenawa bila maji. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa na maneno kumi na mawili, Sado aliyahesabu. Kisha kwa muda wa miezi minne yakapotea yote, na mikono ikaacha kushika. Daktari mgeni aliyepita Garissa aliandika kwenye faili jina la ugonjwa: Rett. Alisema ni ugonjwa nadra, huwapata hasa wasichana, hauambukizi, na si kosa la mtu. Alisema pia kwamba wengi wa watoto hawa huelewa zaidi ya wanavyoweza kuonyesha, na kwamba wakipewa muda huzungumza kwa macho. Sado alilishika hilo la mwisho. Mumewe Abdinur alilishika neno nadra.

"Wako ana nini, abaayo?" aliuliza mwanamke aliyekaa kando yake.

"Haongei."

"Hata wangu. Lakini wangu akikosa neno anauma." Mwanamke alikunja mkono wa buibui na kuonyesha alama za meno. "Wako ametulia. Hawa waliotulia ndio wanapewa nafasi, utaona."

Abdinur alisimama kando ya mlango, akitazama saa kwenye simu. Alikuwa dalali katika soko la mifugo, na hii ilikuwa siku ya soko. Alikuja kwa sababu ya ahadi. Wiki mbili zilizopita mama yake Ruqiya, ayeeyo yaani bibi wa Ugbad, alipiga simu kutoka Tarbaj akitaka mjukuu apelekwe kwake, na Ogle, kaka yake Abdinur, angepita Garissa Ijumaa na gari lake kuelekea huko. Abdinur alisema mbele ya Ogle: ofisi ikithibitisha kwamba mtoto anaelewa, atabaki asome, ikisema haelewi, ataondoka Ijumaa. Dalali akitamka hivyo mbele ya mtu, amekwisha kuuza. Sado alikubali papo hapo. Hakuwa na shaka na majibu ya Ugbad. Hakufikiria saa.

*

Mwalimu Loise Musyoka alikuwa mwenyeji wa Kitui, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita Garissa. Kisomali chake kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni, kwa hiyo maswali yalipitia kwa Yahye, tarishi wa ofisi, ambaye hakulipwa chochote kwa kutafsiri na hakuacha mtu yeyote asahau hilo.

"Mama Ugbad, karibu. Kaa nyuma yake, tafadhali. Mzazi haruhusiwi kumwonyesha mtoto uso. Baba, wewe keti pale mlangoni."

"Mwalimu, kitu moja," alisema Sado. "Huyu anajibu na macho. Lakini anachelewa. Mpe muda."

"Macho yanakubaliwa. Kugusa, kuonyesha kwa kidole, kuangalia, yote ni sawa. Muda ni sekunde kumi."

"Kumi haimtoshi."

"Ni kumi kwa wote. Nikimwongezea wako, nitamwambia nini yule mama wa namba kumi na mbili?"

Sado alikizunguka kiti cha plastiki. Alikaa nyuma ya mtoto, mahali ambapo aliweza kuona kisogo tu.

Mezani palikuwa na vitu vinne vilivyopangwa kwa kuachana: kikombe cha bati, kiatu, kijiko na mpira. Maswali yalikuwa kumi na mawili. Loise aliweka saa mbele yake na karatasi pembeni, akauliza la kwanza: kikombe kiko wapi? Yahye akalisema kwa Kisomali.

Ugbad alitazama feni iliyokuwa darini. Kisha alitazama dirisha. Mikono ikaongeza kasi, na pumzi ikazuilika kifuani kama ilivyozuilika kila mara alipojitahidi. Nyuma yake Sado alianza kuhesabu kwa vifundo vya vidole, kidole gumba kikipanda kutoka kifundo hadi kifundo, midomo ikicheza. Hivyo ndivyo alivyohesabu tasbihi baada ya swala, na kwa miaka mitatu ndivyo alivyompimia mtoto muda wa kujibu. Jibu la Ugbad lilikuja kati ya ishirini na nane na thelathini na tatu. Sado hakuwa na saa nyingine aliyoiamini zaidi.

"Mama," alisema Loise, "hapa hatumwombei mtoto. Tunapima tu."

"Siombi. Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

Yahye alicheka. "Hawa wamama, Mwalimu, kila kitu tasbihi. Hata foleni ya maji, tasbihi."

Sado aliingiza mkono chini ya shali yake mwenyewe. Sekunde kumi zilikuwa zimepita. Loise aliandika: hakujibu.

"Kiatu kiko wapi?"

Hadi Loise alipomaliza kuandika na Yahye kutafsiri, sekunde nyingine kumi na tano zilikuwa zimepita. Macho ya Ugbad yakashuka kutoka dirishani, yakapita juu ya meza, yakatua kwenye kikombe na kukaa hapo. Loise aliandika: kikombe. Wapimaji wengi wangeweka alama ya kosa na kuendelea, lakini Loise alikuwa na mazoea ya kuandika kile hasa mtoto alichokitazama, hata kama fomu haikuuliza hilo.

"Kijiko kiko wapi?"

Ugbad alitazama kiatu.

"Mpira uko wapi?"

Ugbad alitazama kijiko.

Kwenye swali la tano alifumba macho tu. Yahye alichukua kikombe, akakigonga kwenye meza. "Ugbad! Eeh! Angalia, hiki hapa, angalia!"

"Yahye, usimwonyeshe."

"Namsaidia tu. Namuonea huruma."

"Huruma haina sehemu kwenye fomu. Rudisha."

Baada ya swali la nane, ambalo lilihusu mpira, simu ya Loise iliita. Alikuwa mkuu wake. Alijibu kwa sauti ya chini, uso akiuelekeza ukutani: ndiyo, amefika namba kumi na moja, hapana, hawezi kumaliza wote kabla ya saa saba. Yahye alikuwa akichokoa kucha. Sado alitazama kisogo cha mwanawe. Kwa nusu dakika hakuna aliyeuliza kitu, na katika nusu dakika hiyo macho ya Ugbad yakaenda kwenye mpira na kubaki pale.

Aliyeona ni Abdinur peke yake, kwa kuwa kutoka mlangoni aliuona uso wa mtoto kwa upande.

Soko la mifugo lina namna yake ya kuzungumza. Dalali na mnunuzi hufunika mikono yao kwa kitambaa, kisha bei hutajwa kwa kubana vidole, kifundo kwa kifundo, watu wamesimama kuwazunguka bila kujua kitu. Wanaoanza kazi hiyo wana kosa moja linalowafilisi. Mnunuzi mzoefu hachangamki. Anamfikiria dume aliyepita wakati mnyama mwingine ameshaingizwa uwanjani, halafu ndipo anapobana vidole. Dalali mgeni hudhani vidole hivyo ni vya mnyama aliye mbele yake. Anakubali, na amepoteza. Abdinur alipoteza hivyo mara mbili akiwa kijana, na tangu hapo hajawahi kushika mkono wa mtu bila kujiuliza ni wa mnyama yupi.

Loise alimaliza simu na kurudi mezani. La tisa, kikombe: hakujibu. La kumi, kiatu: alitazama kikombe. La kumi na moja, la kumi na mbili. Alijumlisha, akahamisha matokeo kwenye kishikwambi cha ofisi na kubonyeza. Alama ya kijani ikatokea.

"Pole, Mama Ugbad," alisema. "Amepata sufuri. Kwa kawaida mtoto akikisia tu anapata mbili, tatu. Huyu hakupata hata moja."

Sado aliinama. Alianza kufungua shali kiunoni mwa mtoto, akashindwa na fundo.

"Mwalimu," alisema Abdinur. Alikuwa amesimama. "Hiyo karatasi. Soma tena."

"Nimeshasoma, baba."

"Soma bolebole." Katika Kiswahili chake kila p iligeuka b. "Ya kwanza, uliuliza nini?"

"Kikombe."

"Na ya bili?"

"Kiatu."

"Ulibouliza kiatu, yeye aliangalia nini?"

"Kikombe."

"Na ulibouliza kijiko?"

Loise aliivuta karatasi. Alichukua rula, akaiweka chini ya mstari wa tatu, kisha wa nne. Alichora mshale mdogo kutoka kila jibu kwenda kwenye swali lililolitangulia. Mishale ilikuwa tisa, kwa kuwa kwenye karatasi Ugbad alitazama kitu mara tisa. Mshale mmoja haukulingana. Minane ililingana.

"Na ile ya mbira, ulibokuwa kwa simu, aliangalia mbira," alisema Abdinur. "Hukuandika."

"Wallahi," alisema Yahye.

Loise aliongeza mshale wa kumi, wa mpira. Alikuwa amesoma takwimu chuoni na hakuhitaji kikokotoo kujua kwamba tisa kati ya kumi, pakiwa na vitu vinne mezani, haitokei kwa bahati. Mtoto alikuwa amejibu mtihani mzima. Kila jibu lilifika mlango ukiwa umefungwa.

"Nilisema," alisema Sado. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Niliingia hapa nikasema anachelewa. Nilisema hiyo kabla ya kitu chochote."

"Ulisema, mama."

"Basi andika."

"Nimeshatuma." Loise aligusa kioo, akakigusa tena. Maandishi yalieleza kwamba rekodi imefungwa. Alipiga namba ya Nairobi iliyobandikwa nyuma ya kishikwambi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata.

"Mpime upya," alisema Sado. "Tuko hapa. Mtoto yuko hapa."

"Hata nikimpima upya, fomu ni ileile. Sekunde kumi. Atapata sufuri tena, na hiyo itakuwa sufuri ya pili kwenye faili. Ni afadhali moja."

"Wewe umeona na macho yako."

"Nimeona."

"Karatasi inasemaje?" aliuliza Abdinur.

"Inasema hawezi kuwasiliana."

"Na wewe?"

"Mimi nasema anaweza. Anahitaji kama sekunde ishirini na tano, tuseme thelathini."

"Nani anashinda?"

Loise hakuona haya kusema ukweli. "Karatasi."

Aliandika barua kwa mkono, mistari saba, akiomba mtoto apimwe muhula ujao kwa muda wa sekunde arobaini kwa kila swali, akaambatisha nakala ya karatasi yenye mishale, akagonga muhuri. Alisema hana hakika kama itakubaliwa. Alisema kitengo hakiwezi kumpokea mtoto aliyeandikiwa malezi ya nyumbani, hata mwalimu wa pale akitaka. Mlango ulifunguliwa kidogo na mwanamke mwenye alama za meno akachungulia.

"Namba kumi na mbili," aliita Yahye.

*

Walirudi mtaani kwao Bulla Iftin kwa tuktuk, kiti cha plastiki kikiwa miguuni mwa Abdinur. Nyumbani Sado alimlisha Ugbad uji kwa kijiko, akimfuta kidevu kila baada ya vijiko viwili. Abdinur hakurudi sokoni. Alikaa kwenye mkeka na barua ya Loise, ambayo hakuweza kuisoma yote, akiikunja na kuikunjua.

"Nilikwambia," alisema Sado. Sasa walizungumza Kisomali. "Miaka mitatu nakwambia mtoto ananijibu."

"Uliniambia."

"Nikakuita uone. Maziwa huku, maji huku. Ukaangalia kwa muda wa kukohoa, ukasema haya, Mungu amjalie, ukatoka."

"Sikusubiri."

"Hukusubiri. Leo mwanamke wa Kitui ameandika kwenye karatasi yake, ndipo umeona. Neno langu mimi lilikuwa la nini? La kupangusia meza?"

Abdinur hakujitetea. Jambo lenyewe lilikuwa wazi na hakuwa na bei ya kulipunguzia. Aliikunja barua, akasema, "Nitampigia Ogle. Nitamwambia Ijumaa asipite."

"Mwambie."

"Atauliza ofisi imesema nini. Nitasema ofisi imesema hawezi, na ofisi imekosea. Atacheka. Sokoni nao watasikia kwamba Abdinur anatoa neno kisha anasema mizani ndiyo mbovu."

"Na wacheke. Wewe mmoja tu wa kuchekwa? Mimi nimechekwa leo na tarishi."

Abdinur alichukua simu, akatafuta jina la kaka yake, kisha akaiweka chini bila kupiga. Alimtazama Ugbad, ambaye alikuwa akitazama mlango.

"Umewahi kumuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anataka kwenda kwa ayeeyo au anataka kubaki."

Sado alisimamisha kijiko hewani. Kwa miaka mitatu alikuwa amemuuliza Ugbad maswali mengi sana. Maji au maziwa. Gauni la kijani au la maua. Jua au kivuli. Alikuwa na daftari ambamo aliweka alama za majibu, siku kwa siku, ili awe na cha kuwaonyesha watu wa ofisi. Hakukuwa na swali hata moja humo ambalo jibu lake lingeweza kubadilisha chochote.

"Ni mtoto wa miaka tisa," alisema. "Mtoto haulizwi anataka kuishi wapi."

"Asubuhi ulitaka mwalimu amwamini."

"Mambo ya kikombe na kiatu."

"Kumbe anaelewa kikombe tu?"

Hilo lilimuudhi kwa sababu lilikuwa sahihi. Alipangusa kijiko, akaliweka bakuli kando. "Haya. Tumuulize. Lete simu yako."

Walihitaji picha mbili. Kwenye simu ya Abdinur palikuwa na picha ya Ruqiya akiwa amekaa kwenye mkeka huu huu, kipande cha pamba jichoni. Mwaka uliopita alikaa nao miezi mitano akitibiwa macho. Kwenye simu yake Sado alifungua picha yake mwenyewe.

"Weka picha ya nyumba," alisema Abdinur. "Swali ni la mahali. Ukijiweka wewe unanunua jibu."

"Mimi ndiye nyumba."

Alizisimamisha simu mbili zikiegemea kopo la maziwa ya unga na mtungi, umbali wa mkono mmoja kati yake, akapiga magoti mbele ya mtoto. "Ugbad, mama yangu. Sikiliza vizuri. Kubaki hapa Garissa, na mimi." Akagusa simu ya kushoto. "Au kwenda Tarbaj, kukaa na ayeeyo." Akagusa ya kulia. "Unataka ipi?"

Kidole gumba kilianza kupanda vifundo. Ugbad alitazama mlango. Alimtazama baba yake. Alizuia pumzi, akaiachia, akatazama juu ambako hapakuwa na kitu. Ilipofika ishirini na tisa macho yakashuka na kutua upande wa kulia, na hayakuondoka.

"Ni upande," alisema Sado haraka. "Siku hizi anapenda upande wa kulia. Hata maji, nikiweka kulia."

"Badilisha basi."

Alibadilisha. Ruqiya akawa kushoto, yeye kulia. Aliuliza kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kwa kuwa alijua kazi yake na hakutaka hata mwenyewe ajilaumu. Alihesabu. Thelathini na moja. Kushoto.

Nje mtu alikuwa akipita akiuza maji kwa mkokoteni wa punda, akigonga mtungi. 

"Picha yangu anaiona kila siku," alisema Sado. "Ya ayeeyo ni ngeni. Mtoto hutazama kigeni."

Pingamizi hilo lilikuwa na maana. Mtaalamu angelitoa vilevile. Lakini Sado hakulitoa kwa ajili ya utaalamu, na alilijua hilo alipokuwa akitafuta picha nyingine kwenye simu, akipita picha za harusi ya Amran mdogo wake, za Idi, za mbuzi waliouzwa. Alipata moja ya mlango wa nyumba yao. Akaisimamisha.

"Ugbad. Mama. Kubaki hapa, nyumbani, ambapo mimi hooyo wako nipo, na muhula ujao shule, unajua shule? Watoto, mwalimu, picha ukutani. Au kwenda mbali, mbali sana, Tarbaj—"

Ugbad alifumba macho. Hakuwa na usingizi. Aliyafumba kwa nguvu, paji la uso likakunjamana, meno yakasagana kwa sauti waliyoisikia wote wawili, na mikono ikasuguana hadi ngozi ya kifundo ikawa nyekundu. Sado alisubiri. Alihesabu thelathini na tatu, akaanza upya, akafika thelathini na tatu tena.

"Mara ngapi, Sado?" alisema Abdinur. "Mpaka aseme unavyotaka?"

Sado alizichukua simu zote mbili na kuzilaza kifudifudi kwenye mkeka. Baada ya muda Ugbad alifumbua macho. Hakumtazama mama yake.

"Nimemkosea nini?" aliuliza Sado.

"Sijui. Hilo nalo itabidi tumuulize siku nyingine."

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii."

Sado alilia kidogo, bila kelele, akajifuta kwa ncha ya shali. Kisha alinyanyuka, akaenda chumbani na kurudi na mfuko wa nguo za mtoto, kopo la unga wa uji na daftari la majibu. Aliviweka karibu na mlango. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa ilikuwa bado mbali, lakini alihitaji kufanya kitu kwa mikono.

*

Sado alimpigia Ruqiya kabla ya swala ya alasiri, Abdinur akiwa amekaa kando, Ugbad amemuegemea baba yake begani.

"Ayeeyo, nisikilize. Ijumaa Ogle anamleta. Uji wake mwepesi, usiwe na donge, anapaliwa. Alale ubavu. Akizuia pumzi usiogope, itarudi. Na ukimuuliza kitu, mwonyeshe vitu viwili, halafu subiri. Usimuulize tena. Usimharakishe. Hesabu mpaka thelathini na tatu."

Simu ilikuwa kimya.

"Haloo? Ayeeyo? Unasikia? Nimesema usubiri mpaka thelathini na—"

"Nasikia," alisema Ruqiya. "Nilikuwa nafikiria unachosema. Hukuniacha nimalize."

Sado alibana midomo.

"Mimi sijawahi kuhesabu," aliendelea yule mwanamke mzee. "Nilipokuwa huko kwenu namuuliza, nasimama naswali zangu. Nikitoa salamu nikigeuka, ameshajibu, ananingoja mimi. Mambo ya vitu viwili siyajui. Utamwambia Ogle anionyeshe."

"Nitamwandikia. Ayeeyo, kuna barua ya mwalimu. Muhula ujao wanaweza kumpima tena, kwa muda mrefu, na akifaulu kuna shule. Utamrudisha?"

Kimya. Kwenye simu palisikika upepo, na mbali kidogo mbuzi. Abdinur aliinua macho. Sado alikwisha kufungua mdomo kusema haloo, akaufunga. Alingoja, simu imebanwa sikioni, na ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyokuwa amewaambia watu.

"Nitamuuliza," alisema Ruqiya.